Bwindi au Kinigi? Hesabu za kwenda kuwaona gorila ukianzia Mbeya

Mimi na shemeji yangu wa Uyole tumewaona gorila kila mtu kwa wakati wake, yeye Kinigi, Rwanda, mimi Bwindi, Uganda. Tangu nirudi hatujakaa meza moja bila kubishana hela ya nani ilikwenda mahali pazuri. Na kila tukianza, hakosekani mtu wa pembeni wa kuuliza, "Sasa mimi nikitaka kwenda, niende wapi?" Kujibu kwa mdomo kumenichosha, ndiyo maana naandika.

Niondoe kwanza jambo moja. Tanzania hakuna gorila wa porini. Walioko Gombe na Mahale ni sokwe, mnyama mwingine, mdogo zaidi na mwenye kelele zaidi. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu chochote chenye mikono mirefu kinaitwa nyani na mazungumzo yanaishia hapo. Gorila wa milimani wanaishi sehemu mbili tu duniani: msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, na safu ya volkano za Virunga ambayo Uganda, Rwanda na Kongo wanagawana. Virunga walihesabiwa 604 katika sensa ya 2015 na 2016. Bwindi, pamoja na kipande cha Sarambwe upande wa Kongo, 459 mwaka 2018. Jumla 1,063. Ukiwapakia kwenye mabasi ya abiria 60, mabasi 18 yanawamaliza wote. Na hakuna bustani ya wanyama inayowafuga. Wale unaowaona kwenye picha za zuu za Ulaya ni jamaa zao wa nyanda za chini.

Bei ya Mzungu si bei yako

Ukitafuta mtandaoni utakutana na makala za Kiingereza zinazopima kibali cha kuwaona gorila, dola 800 Uganda na dola 1,500 Rwanda, kisha zinahukumu kwamba mwenye hela aende Rwanda na wa kawaida aende Uganda. Hiyo ni hesabu ya mtu anayeshuka na ndege kutoka Ulaya. Mtanzania ni mwana Afrika Mashariki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2024, Uganda humtoza shilingi 300,000 za kwao, ambazo kwetu ni laki mbili na ushee. Rwanda nayo ilishusha mwaka huohuo, mwana Afrika Mashariki akawekewa dola 200, yaani laki tano hivi. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo viangalie tena kwenye tovuti ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, au RDB, bodi ya maendeleo ya Rwanda, siku unayolipa, usitegemee alicholipa jirani mwaka juzi. Na kinachokupa bei hiyo ni pasipoti yenyewe, mkononi, siku ya kupanda.

Tofauti ya laki tatu ni hela ya mbolea, siibezi. Lakini nilipokaa na daftari baada ya safari niligundua kibali hakikufika hata robo ya nilichotumia. Kilichokula hela ni nauli, vitanda, na gari la kunifikisha pale msitu unapoanzia. Mzungu anachagua kwa bei ya kibali kwa sababu kwake kibali ndiyo safari nzima. Sisi tunapaswa kuchagua kwa barabara.

Barabara, ambayo ndiyo yenye maneno

Ukitoka Mbeya kwa basi, safari ya Rwanda na ya Uganda ni moja kwa muda mrefu: Iringa, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, mpaka Lusahunga. Wa Iringa mshukuruni Mungu, mmeshapunguziwa nusu siku. Kuna watakaokuambia upitie Chunya, Makongolosi na Rungwa utokee Tabora, maana kwenye ramani ni kufupi. Ni kufupi kweli. Vumbi lake utalipiga mswaki wiki nzima.

Panga siku mbili na ulale katikati. Mimi kosa langu lilikuwa Dodoma. Nilitaka kudandia basi la Dar linalokwenda moja kwa moja, wakala mmoja wa stendi akanikatia tiketi ya kiti namba 23. Basi lilipoingia, kiti namba 23 kilikuwa na mama mwenye mtoto waliokuwa wamekikalia tangu Dar, na tiketi yao ilikuwa halali kuliko yangu. Wakala simu haipokelewi. Nililala Dodoma siku ambayo sikuipangia. Ukitaka basi la moja kwa moja, hakikisha kiti kimekatwa tangu linakoanzia. La sivyo, nenda kwa vipande, ulale Kahama, asubuhi upande gari la Rusumo. Ni polepole lakini hakuna wa kukuuzia hewa.

Lusahunga ndipo njia zinapoachana. Wa Uganda anaendelea Biharamulo, Muleba, Bukoba, anavuka Mutukula. Hapa wengi wanapoteza siku nzima bila sababu: wanapanda basi hadi Kampala ndipo waanze kurudi kusini magharibi. Kampala huna shida nayo. Shuka Masaka, shika barabara ya Mbarara, Ntungamo, Kabale. Kabale ndiyo mlango wa Bwindi ya kusini.

Wa Rwanda anakunja kushoto kwenda Benaco na Rusumo. Mpaka wenyewe ni daraja juu ya mto Kagera, maporomoko yananguruma chini yako wakati unavuka na begi. Kutoka hapo magari yanakwenda upande wa kulia wa barabara. Ukishuka usitazame upande uliouzoea. Rudisha na saa yako nyuma kwa saa moja. Kwa mwendo wa kama saa tatu hivi uko Kigali, stendi ya Nyabugogo, na mabasi madogo ya Musanze yanatoka muda wote, saa mbili nyingine umefika. Kijiji cha Kinigi, yalipo makao ya Hifadhi ya Volkano, kiko jirani tu na Musanze.

Kwa anayeruka kutoka Songwe, uwanja wetu wa ndege wa Mbeya, hadi Dar na kuunganisha, hakuna mjadala. Kutoka uwanja wa Kigali unafika chini ya volkano kwa mwendo wa saa mbili na nusu. Kutoka Entebbe hadi Bwindi ni kutwa nzima garini, saa nane mpaka kumi. Shemeji alitoka Jumatano, Jumapili alikuwa kanisani Uyole anasimulia. Mimi nilimaliza siku tisa za likizo.

Ila sasa kuna jambo ambalo shemeji hapendi nilitaje. Rwanda, wageni wote wanakusanyika Kinigi alfajiri, wanagawiwa familia za kutembelea, kisha kila mtu anajipeleka kwa usafiri wake hadi mahali pa kuanzia kupanda. Hifadhi haitoi gari. Watalii wamekuja na landkruza za kampuni. Wewe uliyekuja na basi unasimama hapo na pasipoti yako unatafuta wa kukubeba. Kukodi gari la siku moja kunaweza kula sawa na ulichookoa kwenye kibali. Shemeji alibahatika, familia moja kutoka Nairobi ilimpa lifti, lakini bahati haiingii kwenye bajeti.

Bwindi nako kuna mtego wake. Msitu una milango minne, Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali chako kimeandikwa mlango mmoja tu. Kwenye ramani ya simu yote inaonekana ni Bwindi. Kumbe Buhoma iko kaskazini, Rushaga kusini, na kati yake ni saa kadhaa za kona za mlimani. Pale Rushaga nilimkuta kijana wa Mwanza aliyelipia chumba Buhoma usiku wa kuamkia kupanda. Alifika saa nne asubuhi. Makundi yalikwisha kuondoka, na kibali cha siku hiyo kinakufa siku hiyo.

Ukitokea kusini kama sisi, omba Rushaga. Ndiyo yenye familia nyingi zaidi zilizozoeshwa watu, iko karibu na Kabale na Kisoro, na kutoka Kisoro unaweza hata kwenda na boda kama kiuno chako kinaruhusu.

Na hapa ndipo ninapomshinda shemeji. Nikienda tena nitatumia njia ya Rwanda na kibali cha Uganda. Basi hadi Kigali, Nyabugogo hadi Musanze, kisha mpaka wa Cyanika ambao hauko mbali, na ukivuka Kisoro iko palepale, chini ya volkano ya Muhabura. Unapata barabara nzuri ya upande mmoja na bei ya upande wa pili. Masharti ni mawili. Uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, Uganda wanaiulizia. Na ulale Kisoro au Rushaga, usilale Musanze kwa matumaini ya kuvuka alfajiri, kwa sababu ile saa moja uliyopewa Rusumo inachukuliwa Cyanika. Niongeze kwamba mipaka ya Rwanda na Uganda ilifungwa tangu mwanzoni mwa 2019 serikali zile mbili zilipokosana, ikaanza kufunguliwa 2022. Wiki ya safari sikiliza habari.

Mguu

Kinigi unaanza kwa kupita mashamba ya viazi mviringo na pareto. Shemeji anasema alijiona yuko Umalila, kwetu Mbeya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kipande kikubwa cha hifadhi hiyo kilikatwa kikapandwa pareto, zao lilelile ambalo wakulima wetu wa Mbeya na Iringa wanalipeleka kiwandani Mafinga. Ukimaliza shamba unakuta ukuta wa mawe wa kuzuia nyati, unauruka, unaingia kwenye mianzi. Gorila wa Virunga wanapenda machipukizi ya mianzi kama watu wa Njombe na Iringa wanavyopenda kinachotoka humo, na msimu ni uleule wa mvua, wakati ulanzi, ile pombe ya mianzi, unapojaa. Kipindi hicho hushuka karibu na ukuta, na unaweza kuwafikia kabla hujatoa jasho la pili.

Bwindi hakuna utangulizi. Unasimama ukingoni, unaambiwa wako kule chini, unateremka ukishika mizizi, na kila hatua unayoshuka unajua utaipanda. Nilichukua saa mbili kuwafikia na tatu kurudi. Wengine siku hiyo walitoka jioni. Msitu umefumana, chini ni matope, na kuna majani ya kuwasha yanayopenya suruali. Kama umewahi kupanda mlima Ngosi, hapo kwetu Mbeya, wakati wa masika umeshaonja robo yake. Ninachoshauri ni Ngosi mara mbili ndani ya mwezi mmoja kabla ya kwenda, na mara ya pili usipumzike njiani. Hewa haitakusumbua, Mbeya mjini tunalala mita 1,700 juu ya bahari. Aliyezoea joto la Kyela ndiye ajipe wiki zaidi.

Pande zote mbili asubuhi huangalia nani ana nguvu na nani hana, na kukupanga kwenye familia ya karibu au ya mbali. Useme ukweli. Mpagazi mchukue hata kama begi ni jepesi. Ni kijana wa kijiji cha jirani, ni siku yake ya kazi, na kwenye utelezi mkono wake ndio utakaokuvuta. Ukishindwa kabisa kuna machela ya kubebwa na watu, ambayo Bwindi wenyewe wanaiita helikopta. Sijaipanda. Niliitamani.

Vaa gambuti. Watalii walikuja na viatu vya laki saba, tope likawaingia. Mimi nilivaa gambuti za shambani na soksi mbili, na askari aliyetuongoza naye alikuwa na gambuti. Glavu za kazi, koti la mvua, sweta la mitumba la Mwanjelwa, basi.

Saa yenyewe

Sheria zinafanana kote: watu wanane kwa familia moja, saa moja tu, umri kuanzia miaka 15, barakoa usoni, na umbali wa mita kumi. Ukiwa na mafua wanakurudisha, kwa sababu mafua yetu yanawaua. Hilo la mafua msilichukulie mzaha; ukihisi koo linawasha mapema, toa taarifa.

Kilichonipata mimi ni hiki. Waongozaji walisimama ghafla, mmoja akatoa sauti ya kooni, kama mzee anayebisha hodi kwa kukohoa. Kutoka kwenye kichaka kikajibu kikohozi kilekile. Kisha harufu, mchanganyiko wa jasho la beberu na majani yaliyosagwa. Kichaka kikafunguka, nikaona mkono tu, mweusi, vidole vinene kama ndizi mzuzu, ukivuta shina, ukilimenya ganda kwa utaratibu wa mama anayemenya muwa, na kuacha maganda yamelala upande mmoja. Dume lenye mgongo wa mvi lilikuwa limekaa nyuma yake, limetupa mgongo. Lilipogeuka lilipiga miayo, na meno yake yalikuwa na weusi wa ukoko wa majani. Mtoto mmoja alipanda mti akajipiga kifua, akasahau kushika tawi, akaanguka. Hakuna aliyemwangalia isipokuwa sisi wanane.

Wakati fulani dume lilinyanyuka likatujia hatua tatu. Tulikuwa tumeambiwa: usikimbie, chuchumaa, teremsha macho. Nilichuchumaa kabla ya wenzangu wote, nakiri.

Hapa lazima nimpe shemeji haki yake. Picha zake ni bora kuliko zangu, mbali sana. Virunga mimea ni mifupi na kuko wazi zaidi, gorila wanakaa kwenye mwanga. Bwindi wanapanda miti kutafuta matunda, na nusu ya picha zangu ni majani yenye doa jeusi. Kama unakwenda kwa ajili ya kamera, maliza kusoma hapa, nenda Rwanda.

Kwa upande mwingine, siku ya pili Bwindi nilikaa na wazee wa Kibatwa, watu walioishi ndani ya ule msitu mpaka ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wakatolewa. Mmoja alinionyesha namna ya kupekecha moto kwa vijiti na jani la kufunga kidonda. Niliuliza kama anaweza kuingia akawaone gorila. Akacheka: "Kibali ninacho?" Sikuwa na la kusema.

Kongo, na nyumbani

Kongo nayo imo ndani ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Virunga yao, iliyoanzishwa 1925, ndiyo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika. Inaniuma kwa sababu kule ndiko ungeongea Kiswahili na kila mtu, kuanzia konda hadi askari wa msitu. Lakini Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na zaidi ya askari 200 wa hifadhi ile wameuawa katika miaka yake ya vita. Atakayekuuzia safari ya huko kwa bei ya kutupa, mwache.

Na kama nauli yenyewe ndiyo inayokunyima usingizi, usikae bure. Rungwe hapo, katika msitu wa mlima na ule wa Livingstone unaoungana na Kitulo, kuna kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 na mwaka uliofuata wakamfungulia jenasi, yaani kundi la ukoo, yake peke yake. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua kwa jina siku zote. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilipata 1,117, karibu sawa kabisa na ile ya gorila miaka kumi baadaye. Kumwona ni kazi. Unaamka giza, unamsikia akibweka juu ya miti, na mara nyingi unarudi Tukuyu na shingo inayouma. Sokwe wa Mahale, kwa boti kutoka Kigoma, ndio wanaokaribia zaidi kukupa ile hali ya kutazamwa na mnyama anayefikiri, na unalipa kiingilio cha mwenyeji. Wa Iringa wana Udzungwa na wale mangabe wa Sanje, nao ni kima, wikendi moja inatosha.

Lakini uliuliza gorila. Mwenye siku nne na tiketi ya ndege, Kinigi, na ahesabu gari la alfajiri ndani ya bajeti tangu mwanzo. Mwenye magoti mabovu au mzazi wa makamo, Kinigi pia, msimu wa mianzi. Mwenye wiki nzima, miguu, na hela ya kuhesabu, Rushaga kwa njia ya Cyanika. Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti, njia zikiwa zimekauka, lakini ndio msimu wa kila mtu, kwa hiyo kibali kinunuliwe miezi kadhaa kabla. Marafiki wanne wakichanga gari moja kuanzia Kisoro, gharama inashuka kuliko punguzo lolote utakaloahidiwa.

Shemeji amesoma rasimu ya maneno haya akasema nimempendelea Mganda. Kisha akauliza Cyanika wanafungua saa ngapi. Juni anakwenda, na gambuti zangu ameshazichukua.